Daraja la Kuonyesha Wageni

Mdomo wangu sikuuazima kwa mtu, na Ilimeleki analijua hilo. Watu wa kisiwa chao na watu wa kisiwa chetu ni watani tangu enzi za mababu. Nikimsema hana ruhusa ya kununa, na akinuna anapigwa faini ya samaki. Kwa hiyo haya ninayosimulia nimekwisha kumwambia usoni, tena mbele ya mkewe, na mkewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Ilimeleki ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Wainidova, mtaa wetu wa mabati nje kidogo ya Suva, mji mkuu wa Fiji, uliobanwa kati ya mikoko na kijito. Zamani alikuwa mnyapara wa ghala bandarini, na hadi leo akiona watu wawili wamesimama pamoja lazima atake kuwapanga mstari. Kamati yake ina fulana za kijani zenye maandishi mgongoni. Maendeleo yenyewe tulikuwa hatujayaona, ila fulana tuliziona, na zilikuwa nzuri.

Kabla ya fulana tulikuwa tunaishi tu. Kimbunga kikiezua nyumba ya mtu, asubuhi wanaume wanakuja na nyundo, wanawake tunakuja na masufuria ya muhogo, na jioni mwenye nyumba analala kwake. Jambo hilo kwetu linaitwa solesolevaki na halijawahi kuwa na mwenyekiti. Anayekuja anakuja, Mfiji, Mhindi, hata yule mzee wa kisiwa cha Rotuma asiyesalimia mtu. Nusu ya mapaa ya mtaa huu yalipigiliwa na Parma Nand, fundi mabati, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Hakuwahi kumtoza jirani kitu. Ukimwuliza nikupe nini anakwambia, "Nipe chai, na usiniharibie kwa maneno."

Basi sukari ikamwingia Parma Nand, ikamla mguu wa kushoto. Akapewa kiti cha magurudumu. Mwaka jana mwishoni, mguu wa kulia, ule uliobaki, ukatoka kidonda penye vidole. Nesi wa kliniki akamwambia mkewe, Gyan Mati, "Huyu aletwe kila Jumatatu na kila Alhamisi kusafishwa. Mkikosa, mguu huu nao utakwenda." Gyan Mati akarudi na maneno hayo akatuambia majirani, na sote tukayashika. Kliniki iko barabarani, ng'ambo ya kijito. Na daraja letu la mbao lilibebwa na mafuriko baada ya Krismasi.

Sasa nieleze ujinga wetu ulianzia wapi. Wiki ile ile ya mafuriko, mume wangu Apakuki na wenzake walikwenda kwenye kanisa la Wamethodisti, ambako banda la zamani lilikuwa linabomolewa, wakapewa mbao. Mbao za kale, nzito, ambazo mchwa akiziona anageuza njia. Wakazibeba mabegani hadi ukingoni, kazi ianze asubuhi. Asubuhi ilipofika, Ilimeleki naye akafika, na fulana yake.

"Simamisheni!"

"Tusimamishe nini?" Apakuki akauliza. "Hata hatujaanza."

"Basi simamisheni kuanza."

Nyuma yake alikuwa Peniasi, katibu. Huyu alipelekwa semina ya siku chache kule Nadi, hotelini, akarudi na begi la kitambaa na maneno ambayo mama yake mzazi hayaelewi. Peniasi akatueleza kwamba kuna shirika kubwa la ng'ambo linatafuta mtaa usio na daraja, liujengee daraja la zege, lenye reli za chuma na taa. Wageni watakuja kufanya tathmini.

"Sasa wakija wakute daraja, itakuwaje?" Ilimeleki akasema. "Watatuona hatuna shida."

"Si tutakuwa kweli hatuna shida?" Apakuki akasema.

"Apakuki, ndugu yangu, wewe huelewi mchakato," Peniasi akamwambia, taratibu, kama anayemwongelesha mtoto mwenye homa. "Maendeleo hayaendi kwa watu waliojiendeleza."

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Kwa hiyo nyumba yangu ikishika moto nisimwage maji mpaka aje mtu apige picha?"

"Mtani, haya mambo ni ya kitaalamu."

"Na Parma Nand atavuka kwa utaalamu gani?"

Ilimeleki akalainisha sauti, ile sauti ya msibani. "Parma Nand ndiye ushahidi wetu. Siku ya wageni tungependa awe pale ukingoni, kwenye kiti chake, anatazama ng'ambo. Asiseme kitu. Atazame tu."

Nyoo! Nilimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala zake. Lakini ndugu zangu, zege ni tamu ukilisikia. Wanaume walikuna vichwa, wakatazamana, wakaona reli za chuma, wakaona taa. Mbao zikabebwa zikapelekwa chini ya nyumba ya Ilimeleki, ambayo imesimama juu ya nguzo, zitunzwe kama mali ya jamii. Jamii iliyozifaidi ilikuwa kuku wake, waliolala juu ya mbao hizo kila usiku na kuzipaka rangi.

Wageni wakasema watakuja mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi wakasema mwezi ujao. Kila walipoahirisha, Peniasi alisema ni dalili nzuri, maana mashirika makini hayana haraka.

Sisi tukaendelea na letu. Jumatatu na Alhamisi, Apakuki na wenzake wanne waling'oa mlango wa banda la kuku la Parma Nand, wakamlaza juu yake, wakaingia naye majini hadi kiunoni, wakamtoa upande wa pili mkavu. Yeye huko juu anapunga mkono kushoto na kulia. "Salamuni, raia wangu! Mfalme anakwenda kufungwa bandeji!" Tunacheka. Gyan Mati hacheki. Anatembea nyuma yao, sari ameifunga juu ya magoti, macho hayatoki kwenye ule mguu uliofungwa mfuko wa plastiki.

Kisha mvua ikarudi, ile ya kunyesha bila kupumzika. Kijito kikafika vifuani, kinashusha magogo, na jirani mmoja alipojaribu kuvuka akapigwa na gogo akavunjika mkono. Alhamisi ikapita Parma Nand hakuvuka. Jumatatu ikapita. Alhamisi nyingine ikapita. Gyan Mati akawa anamsafisha mwenyewe kwa maji ya moto na chumvi.

Jumamosi asubuhi mvua ilikatika. Nilikuwa ninakaanga maandazi ya kuuza Gyan Mati aliposimama mlangoni. Hakuvua viatu, yeye ambaye huvua viatu hata akija kuazima kibiriti.

"Dada Vaciseva, mguu unanuka."

"Unanuka vipi?"

"Njoo unuse mwenyewe."

Nikaenda. Parma Nand alikuwa amelala, uso umemwiva kwa homa. Gyan Mati alifungua kitambaa kidogo tu, sikuhitaji zaidi. Nimechinja nguruwe, nimeosha maiti, na bado nilitoka nje kushika ukuta. Nilijaa hasira, na hasira yenyewe sikujua nianze kumtupia nani.

"Twende kwa Ilimeleki," nikasema. "Nitamtukana mpaka fulana imtoke."

"Hapana," Gyan Mati akasema. "Umemtukana mwaka mzima, anacheka tu, wewe ni mtani wake. Mimi nitamwendea kwa heshima."

Akavuta chini ya kitanda fungu la mizizi ya yaqona, ile tunayoisaga ikawa kinywaji cha kulegeza mwili, mizizi minene, mikavu, imefungwa kwa kamba vizuri. Kaka yake alileta mafungu mawili kutoka kisiwa cha Taveuni kwa ajili ya harusi ya binti yao. Nikamtazama, nikamwelewa. Huku kwetu mwenye shida kubwa haendi mikono mitupu. Anaweka yaqona mbele ya wakubwa, anasema ombi lake. Wao wanasikiliza. Wakiona hawaliwezi, hawaigusi, na hakuna ubaya. Wakiigusa na kupiga makofi, wamekubali. Wakiisaga na kuinywa, basi, ombi limeshuka tumboni na halitoki.

"Kwa kawaida husema mwanamume," nikamwambia. "Apakuki yuko zamu hadi saa sita."

"Nitasema mwenyewe. Nimezaliwa katika nchi hii, najua pa kukaa na pa kupiga makofi."

Kamati ilikuwa kwenye kibanda chake cha mikutano tangu asubuhi. Unajua walikuwa wanajadili nini? Jina la daraja. Lile la zege, ambalo halijaja. Kundi moja linataka liitwe kwa jina la babu yake Ilimeleki, jingine linataka liitwe Daraja la Umoja, na wamegombana juu ya umoja huo hadi mtunza fedha amehamisha mkeka wake na kuwapa wenzake mgongo. Katikati yao bakuli la mbao la kuchanganyia yaqona lilikuwa kavu. Yaqona yao ilikwisha tangu jana, na duka liko wapi? Ng'ambo ya kijito. Daraja hakuna. Wamekaa pale ndimi zimekauka, wanapangusa vifuu vyao vya kunywea kwa vidole.

Gyan Mati akaingia ameinama, akakaa mkekani chini kabisa, mimi pembeni yake. Akaweka lile fungu mbele yao. Jamani! Ungewaona macho! Hata mtunza fedha aligeuka.

"Waheshimiwa," Gyan Mati akaanza, kwa Kifiji safi, "nimekuja mbele yenu kwa unyenyekevu, mimi na nyumba yangu. Mzizi huu ni mdogo..."

"Si mdogo hata kidogo!" Ilimeleki akadakia. "Mama, huu ni mzizi wa machifu! Nemani, mzee wangu, pokea, pokea."

Nemani ndiye mpokeaji wao, kazi yake ni kugusa na kusema maneno. Mzee huyu kwa kawaida akianza maneno ya kupokea unaweza kwenda sokoni na kurudi. Siku hiyo aliruka kama anayeshika jogoo. Mkono ukashika fungu, maneno yakatoka mawili matatu, makofi mazito ya viganja yakapigwa, kamati nzima ikaitikia. Kijana wa kusaga akawa amekwisha kukata kamba.

"Ila sijasema bado ombi..." Gyan Mati akasema.

"Tulia mama, tulia. Tutakusikiliza vizuri. Kwanza tulainishe koo."

Nilitaka kucheka, nikauma shavu kwa ndani. Gyan Mati alinitazama mara moja tu, akatulia, mikono mapajani. Ikasagwa. Ikachujwa. Kifuu cha kwanza kwa mwenyekiti, akakimaliza kwa mkupuo, makofi. Kifuu cha pili kwa Nemani. Cha tatu kwa Peniasi, ambaye aliomba ajaziwe mpaka juu. Nyuso zikalainika. Babu wa Ilimeleki na Umoja wakapatana bila kura.

"Haya mama," Ilimeleki akasema, anapangusa masharubu. "Ulikuwa na neno?"

"Nilikuja kuomba zile mbao zilizo chini ya nyumba yako," Gyan Mati akasema. "Na mikono yenu ninyi nyote. Daraja liwekwe leo. Mume wangu avuke leo."

Ilimeleki akatazama kifuu chake, akakitazama tena, kama vile ndicho kilichomsaliti.

"Mama," Peniasi akasema, "ombi lako ni zuri sana. Napendekeza tuunde kamati ndogo ilipitie, ishirikishe wadau..."

"Mdau mguu wake unanuka," nikasema. "Twende ukaushirikishe."

"Mtani, usiingilie," Ilimeleki akasema. Kisha akamgeukia Gyan Mati kwa ile sauti ya msibani. "Mama, wageni wanakuja wiki hii. Safari hii ni hakika. Vumilia kidogo tu. Lile fungu lako tutakurudishia."

"Rudisheni basi," Gyan Mati akasema.

"Tutakununulia jingine."

"Sitaki jingine. Nataka lile."

Mimi hapo nilicheka hadi machozi. "Anataka lile lile, mtani! Haya, litoeni! Mnajua njia zilizopo, moja ya kichakani na nyingine ya kidole kooni. Chagueni, kuna mkutano!"

Aliyevunja mkutano ni Nemani. Mzee alikuwa amebadilika rangi, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Si kwamba aliona haki, msimpe sifa asizostahili. Aliogopa. "Mimi ndiye niliyeigusa," akasema. "Kwetu kulikuwa na mtu alikunywa yaqona ya mtu akakataa ombi. Alivimba tumbo, wakamzika kwenye jeneza la kupindisha mfuniko. Mimi sifi kwa ajili ya zege." Akainuka, akavua fulana ya kijani, akaelekea chini ya nyumba ya mwenyekiti kufukuza kuku. Mtunza fedha akajishika tumbo lake, akamfuata. Wakafuatana wote. Ilimeleki alibaki peke yake na bakuli kwa muda, kisha tukamwona naye anakuja, anapanga watu mstari.

Mambo ya mchana ule ukiyakumbuka unaona uchungu, jinsi yalivyokuwa mepesi. Apakuki aliporudi zamu alikuta mtaa mzima ukingoni. Magogo mawili marefu ambayo mafuriko yenyewe yalikuwa yametuletea yakavutwa kwa kamba yakalazwa, mbao zikapigiliwa juu, yule mzee wa Rotuma akatoa misumari na bado hakusalimia mtu. Wanawake tulichemsha muhogo na samaki kwa tui. Jua lilikuwa bado halijazama wakati Apakuki aliposukuma kile kiti juu ya mbao, Parma Nand ndani yake anatetemeka kwa homa, hana hata nguvu ya kutupungia mkono. Gyan Mati nyuma. Barabarani gari la jirani lilikuwa linangoja. Miezi tulikaa kujadili, na kazi yenyewe ilichukua mchana mmoja, tena wa watu waliolewa kidogo.

Hospitali walimkata vidole viwili. Mguu ukabaki. Daktari alimwambia Gyan Mati, bila ukali, kwamba wangekuja wiki moja mapema hata vidole vingebaki. Gyan Mati alinieleza hayo akiwa amesimama kwenye mlango wangu tena, na safari hii alivua viatu, akaingia, akakaa jikoni kwangu akalia hadi mafuta yakapoa kwenye karai. Mimi nililia pamoja naye, na nililia kwa hasira.

Na wageni wakaja kweli! Mnadhani Ilimeleki aliona haya? Jioni ya kuamkia siku yenyewe alipita nyumba kwa nyumba akipendekeza mbao zing'olewe kwa muda tu, wageni wakiondoka zirudishwe. Nilimwambia, "Jaribu, mtani. Gusa hata msumari." Asubuhi alikuta Apakuki na wanaume wengine wamekaa juu ya daraja, wananing'iniza miguu, wanavua samaki. Kijito kile hakina samaki.

Ilimeleki si mtu wa kukwama. Wageni waliposhuka kwenye gari, wanawake wawili na mwanamume mmoja mwenye kofia, aliwapokea katikati ya daraja amekunjua mikono. "Karibuni," akasema. "Huu ndio mradi wetu wa majaribio!" Peniasi akadakia kwamba ni mfano wa umiliki wa jamii. Wale wageni walifurahi jamani, walifurahi! Walilipiga picha daraja juu na chini, walimpiga picha Ilimeleki ameshika nyundo, akiwa ameishika kichwani badala ya mpini. Wakasema kwa kuwa tumejiweza namna hii, zege litapelekwa mtaa mwingine wenye shida zaidi, ila sisi wametuletea zawadi. Wakashusha kwenye gari ubao mkubwa wa bati wenye nembo yao, wenye maneno kwamba daraja hili limewezeshwa na wao. Ubao ule ni mpana kuliko daraja. Ikabidi tuuweke kando, maana ungewekwa mlangoni watu wasingepita.

Ndipo hotuba zikaanza. Ilimeleki alisema kamati haikulala hata usiku mmoja. Alisema kiini cha mradi kilikuwa ndugu yetu Parma Nand, ambaye yuko pale kwenye kiti chake, mguu wake umefungwa bandeji nyeupe, na sasa tumwite mkewe aje mbele atoe shukrani.

Gyan Mati akaja. Alikuwa na fungu la yaqona kifuani, lile la pili kati ya mawili ya harusi. Akakaa chini mkekani mbele ya kamati, akaliweka. Ilimeleki alikuwa bado anatabasamu kwa ajili ya picha. Lakini Nemani alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo, haraka, kama aliyeona ng'e. Mtunza fedha akakalia ya kwake. Hakuna hata mmoja aliyeligusa.

"Sema kwanza, mama," Nemani akasema, jasho linamtoka. "Safari hii sema kwanza unataka nini."

"Naomba vidole viwili vya mume wangu," Gyan Mati akasema.

Hakuinua sauti. Alisema kama mtu anayeomba chumvi. Parma Nand kwenye kiti chake akainamisha kichwa, na Apakuki aliyekuwa anakula alitema. Ilimeleki tabasamu lilimkauka mdomoni, halikujua liende wapi.

Yule mgeni mwenye kofia hajui Kifiji. Akamwinamia Peniasi kumwuliza mama amesema nini.

"Amesema anashukuru sana," Peniasi akamjibu.

Mgeni akapiga makofi. Nikafungua mdomo nimpasulie ukweli wake kwa sauti ya kufika bandarini, lakini Gyan Mati alinitazama na kutikisa kichwa. Akaokota fungu lake, akainuka, akawapa wote mgongo, akashuka hadi chini ya daraja, pale walipokaa wanaume waliokuwa wakimbeba mumewe kwenye mlango wa kuku. Akaliweka mbele ya Apakuki. "Hili halina ombi," akasema. Apakuki akaligusa bila kuuliza.

Wageni walipoondoka tulikuwa tumekaa pale chini tunakunywa, Parma Nand katikati yetu, ulimi umekwisha kumfa ganzi, anatupangia vyeo katika ufalme wake. Nikamwona Ilimeleki anateremka. Fulana alikuwa ameivua, ameikunja kwapani. Akasimama kando kidogo, mtu mzima yule, hajui mikono aiweke wapi.

"Mtani, umepotea njia?" nikamwuliza. "Ubao wako uko kule juu."

Alimtazama Gyan Mati, akakaa. Gyan Mati alichota kifuu, akakijaza, akamnyooshea. Ilimeleki akakipokea kwa mikono miwili, akakisogeza mdomoni, kisha akasita.

"Mama," akasema, "nikinywa hii nitakuwa nimekubali nini?"

"Kunywa kwanza," Gyan Mati akasema.

Ilimeleki alikishika kile kifuu muda mrefu hadi nikadhani atakirudisha. Alimtazama Parma Nand, akautazama mguu, kisha akanywa yote, akapiga makofi.

Siku hizi kila Jumatatu na kila Alhamisi asubuhi, ukipita kwangu kununua maandazi, utamwona Ilimeleki anasukuma kiti cha magurudumu kuelekea kliniki. Hana ruhusa ya kumtuma mtu, hata mvua ikinyesha. Wakifika darajani Parma Nand anainua mkono na kumwambia, "Polepole, mwenyekiti, mguu ni huo huo mmoja," naye anajibu, "Nimesikia, mzee," na anapunguza mwendo.